Gari Limetumwa

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kitu chochote, Tadea alipangusa rafu kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu vumbi la stendi ya Mbinga hupenya hata dirisha likifungwa. Rafu yenyewe ilichongwa na fundi wa Kitai kwa mfano wa kabati la vyombo, na ukiiangalia kutoka mlangoni, simu na vishikwambi vilivyosimama humo vilifanana na sahani zilizooshwa zikaachwa zikauke. Vilikuwa vya kila namna: vishikwambi vipana kama vya maofisini, vingine vyenye nyufa pembeni, simu za watu wenye uwezo, na simu ndogo nyeusi ambazo ndizo watu wengi wa mwambao wa ziwa walikuwa nazo mifukoni.

Akimaliza kupangusa alikaa mezani, akabonyeza kitufe kimoja cha kompyuta, na kazi ikaenda yenyewe. Kivinjari kilifunguka kwenye kila kioo. Herufi zikajiandika bila kidole cha mtu. Ukurasa ulipanda, ukashuka, kitufe kikabonyea, na mwisho maneno yakatokea kwa rangi ya kijani: *Gari limetumwa*. Kompyuta ikishayasoma maneno hayo iliweka alama ya tiki, ikafuta kila kilichotengenezwa na jaribio, ikatulia. Tovuti ilikuwa ya kuombea gari la wagonjwa. Nesi wa zahanati ya mbali aliifungua kwenye simu yake, akaandika habari za mgonjwa, akabonyeza *Omba gari*, na hospitali ikapata ujumbe. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa Dar es Salaam. Kazi ya Tadea ilikuwa kuhakikisha kwamba inafanya kazi kwenye kila kioo.

Jaribio lilihitaji mgonjwa. Tadea alifikiri kidogo akamwandika Hedwiga Majaribio, umri miaka thelathini na moja, mimba ya kwanza, anatoka damu. Kwenye sehemu ya kijiji aliandika Lipundu, kwa kuwa ndiko alikozaliwa na hakutaka kuumiza kichwa. Palikuwa pia na kisanduku cha dereva. Alikitia alama ya ndiyo, akaendelea.

Hedwiga alianza kuja wiki ya pili. Alipanda ngazi za ofisi polepole, mkono mmoja ukutani, mwingine chini ya tumbo, amevaa kitenge chenye picha za kanga wa porini. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, akasubiri. Kioo kilipoandika *Gari limetumwa* aliinuka, akashuka, na huko chini gari jeupe lilikuwa limesimama, mlango wa nyuma wazi. Alipanda. Gari lilikwenda mpaka kona ya kituo cha mafuta, na hapo jaribio likaisha, gari na mgonjwa wake wakaisha pia. Vijana wa bodaboda walizoea kusogeza pikipiki zao kidogo lipite.

Bi Rukia, mwenye nyumba, ambaye duka lake la kanga na vitenge lilikuwa chini ya ofisi hiyo, mwanzoni alilalamika juu ya damu kwenye ngazi. Alipoona kwamba inatoweka yenyewe jaribio likiisha, aliacha kununua sabuni ya ziada. Akawa anamwekea Hedwiga kikombe cha chai.

"Shikamoo, mama," Hedwiga alisema kila akipita.

"Marahaba, mwanangu. Kunywa haraka, gari lako halikawii."

Siku moja, akiwa kwenye benchi, Hedwiga alimwuliza Tadea, "Dada, leo tutafika?"

"Hapana. Jaribio linaishia pale pale."

"Mimi hospitali sijawahi kuiona."

"Najua," alisema Tadea. "Sikuiandika. Tunaangalia tu kama gari limetumwa."

Hedwiga aliyatafakari maneno hayo, kisha kioo kikawa kijani, akaenda.

Taabu ilitokea kwenye simu ndogo nyeusi. Chini ya ukurasa palikuwa na utepe wenye nembo za wafadhili, na kwenye kioo kidogo utepe ule ulipanda ukalala juu ya kitufe cha *Omba gari*, ukakifunika chote. Jaribio lilikitafuta kitufe, likakikosa, likaandika alama nyekundu. Siku hizo Hedwiga alibaki kwenye benchi, damu ikimshuka kwenye vifundo vya miguu, hadi kompyuta ilipochoka kusubiri.

Tadea alipiga simu Dar es Salaam. Bosi wake aliitwa Steven, kijana mpole asiyepandisha sauti.

"Nembo hatuwezi kuzigusa," Steven alisema. "Zimo kwenye makubaliano. Kwani hizo simu ndogo bado watu wanazitumia?"

"Kule ziwani ndizo walizonazo."

"Basi ziondoe kwenye majaribio. Uzinduzi ni wiki ijayo na dashibodi ya matokeo haiwezi kwenda kwa wafadhili ikiwa na nyekundu."

Tadea alibishana naye asubuhi nzima. Jioni alizitoa simu ndogo kwenye rafu, akazitia ndani ya droo. Kesho yake rafu yote ilikuwa kijani, na Hedwiga hakukaa kwenye benchi zaidi ya muda wa kumaliza chai. Uzinduzi ulifanyika, watu wakapiga makofi, wali ukaliwa.

Mvua zilipokolea, Tadea alipigiwa simu na Sixbert, nesi wa zahanati ya Lipundu. Ilikuwa asubuhi, na kitambaa cha kupangusia kilikuwa bado mkononi.

"Dada Tadea, mdogo wako Aurelia yuko hapa kwangu. Uchungu ulimwanza jana. Mtoto amekaa vibaya, na sasa damu imeanza kutoka. Hapa sina uwezo naye."

"Umeomba gari?"

"Kitufe sikioni. Kishikwambi cha zahanati kilivimba betri, natumia simu yangu hii ndogo."

Tadea alikaa chini. Alimwambia ailaze simu. Alimwambia apunguze maandishi, aufunge ukurasa, aufungue upya, aushushe hadi mwisho. Sixbert alifanya yote, na Tadea alijua jibu la kila moja kabla hajalisikia, maana alikwisha kuyajaribu yote.

"Nembo naziona," Sixbert alisema. "Nembo naziona vizuri sana."

Akaunti ya zahanati ilifunguka kwenye simu iliyosajiliwa tu. Vifaa vya Tadea navyo vilikuwa vimeandikishwa kuwa vya majaribio, na ombi lililotoka kwenye rafu ile halikufika kwa mtu yeyote. Alipiga simu hospitali. Mtu wa magari alipokea, akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Pole sana, dada. Lakini gari halitoki kwa simu ya mdomo siku hizi. Kuna mfumo."

"Mfumo naujua. Mimi ndiye ninayeupima."

"Afadhali. Basi utamsaidia nesi aombe kwenye mfumo."

Alikimbilia stendi bila mwavuli. Dereva wa kwanza aliyemwomba alimwambia kwamba mto umebeba daraja la magogo mbele ya Liuli, na magari yanageuka. Wa pili alimwambia hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa ametoka huko alfajiri, na suruali yake ilikuwa na matope hadi mapajani. Alimwonyesha tu suruali.

Tadea alirudi ofisini akiwa ameloa. Joakim, shemeji yake, alipiga simu. Hakuweza kuzungumza vizuri. Alisema, "Shemeji, anakuita," kisha akaiweka simu karibu na kitanda, na Tadea akasikia sauti ya Aurelia isiyokuwa na neno ndani yake.

Akaifungua programu ya jaribio, akaanza kuisoma tangu juu, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha mwenyewe. Mwishoni palikuwa na mistari miwili. Mmoja ulisema: maneno *Gari limetumwa* yakionekana, futa kila kilichotengenezwa. Mwingine ulisema: maliza. Akaifuta yote miwili. Akachagua kishikwambi kimoja tu, chenye betri nzuri, akabonyeza kitufe.

Hedwiga alipanda ngazi, nywele zikichuruzika mvua. Alikaa. Kioo kikawa kijani. Aliinuka kama kawaida yake, akafika mlangoni, akasimama.

"Leo hujafunga," alisema.

"Leo sifungi. Gari litakwenda mpaka Lipundu." Tadea alimshika mkono. Ulikuwa wa moto, wenye homa ya mtu aliyechoka. "Hedwiga, mdogo wangu yuko kule. Anatoka damu kama wewe. Hana njia ya kuomba gari. Naomba umpishe."

"Nimpishe kitanda changu?"

"Ndiyo."

"Na mimi?"

Nje bodaboda zilipiga honi.

"Wewe ndiye uliyeniandikia hii damu," alisema Hedwiga. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka tu kuhakikisha. "Ungeweza kuandika homa."

"Ningeweza."

"Ungeweza kuandika mguu umeteguka."

"Ndiyo, ningeweza. Nilidhani wewe ni maandishi tu. Nisamehe."

Hedwiga alilifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Nitampisha," alisema. "Lakini usiifunge. Nimeletwa hapa mara nyingi na sijawahi kuachwa nifike mwisho. Safari hii nataka nizae."

"Sitaifunga."

Bi Rukia alimpa Tadea kanga kavu na betri ya kuchajia aliyoitoa kwenye kabati la kioo. Hakuuliza safari ni ya wapi. Alisema tu, "Mwenyezi Mungu awatangulie," akarudi kwa mteja aliyekuwa akipima kitambaa.

Walipita kona ya kituo cha mafuta, na gari halikuisha. Hedwiga alikuwa amelala nyuma, macho yake yakiangalia dari. Tadea alikaa mbele, kishikwambi mapajani, akikigusa mara kwa mara kisizime. Dereva alikuwa na mikono ya mtu mzoefu na sura isiyokaa akilini. Ukigeuza kichwa, unakuwa umeshaisahau. Kwa kuwa alikuwa alama ya ndiyo na si zaidi ya hapo, Tadea alipomwambia kata kulia alikata, na alipomwambia kimbiza alikimbiza.

Waliteremka milima ya Umatengo, mashamba ya kahawa upande mmoja, na upande wa pili miteremko iliyochimbwa mashimo ya kilimo cha ngoro, yote yakiwa yamejaa maji na kung'aa. Kisha ziwa likatokea chini, la kijivu, pana, bila chombo hata kimoja juu yake. Walipita Mbamba Bay wakaelekea kaskazini. Barabara iliharibika lakini gari halikurukaruka, maana Tadea hakuandika mashimo. Mbele ya Liuli watu walikuwa wamesimama pande zote mbili za mto, mizigo kichwani, wakiyatazama maji mekundu yaliyokuwa yakipita na miti mizima. Tadea hakuandika mto pia. Gari lilipita pale kwa mwendo ule ule, na waliokuwa kando walijivuta nyuma kidogo ili wasirushiwe matope, wakaendelea kuyatazama maji.

Huko Lipundu, Sixbert alikuwa amesimama uwanjani, simu yake ndogo juu ya kichwa, kana kwamba kimo ndicho kilichokosekana. Alipoliona gari aliishusha.

Aurelia alikuwa na rangi ya majivu. Alimtambua dada yake, akasema, "Umechelewa," kisha akasema, "Umekuja," na Tadea hakujua lipi alilikusudia. Joakim na Sixbert walimbeba. Mlangoni walipishana na Hedwiga, aliyekuwa akiingia ameshika fremu.

"Pole, dada," Aurelia alimwambia.

"Poleni nyote," alijibu Hedwiga, akaenda kulala kwenye kitanda ambacho bado kilikuwa na joto la mwenzake.

Sixbert alimtazama, akamgeukia Tadea. "Na huyu naye nimwombee gari?"

"Gari lake ndilo hili."

Sixbert aliitikia kwa kichwa. Alivaa glovu, akaingia ndani.

Walirudi. Joakim alikaa nyuma, kichwa cha mkewe mapajani, akimsemesha kwa Kinyasa bila kupumzika. Alimwambia habari za muhogo, za paa la jiko, za mbuzi aliyepotea akapatikana. Kila aliponyamaza Aurelia alifumbua macho kumtafuta, kwa hiyo hakunyamaza. Saa za mchana zilikuwa zimekwenda. Walipoanza kupanda mlima kutoka Mbamba Bay, simu ya Tadea iliita.

"Tadea, kuna jaribio limekwama tangu asubuhi," Steven alisema.

"Halijakwama. Liko njiani."

"Njiani wapi?"

"Tumeshapita Mbamba Bay. Tunapanda."

Tadea alisikia feni ya ofisini kwao ikizunguka. "Unaujua utaratibu," Steven alisema hatimaye. "Saa kumi na moja jioni mfumo unafunga na kusafisha kila kilichobaki wazi. Si mimi. Unajifunga wenyewe."

"Uzuie. Mdogo wangu yumo humu ndani."

"Siwezi peke yangu. Hilo linataka kikao."

"Kikao lini?"

"Alhamisi."

"Kaka Steven, leo ni Jumatatu. Anakufa. Nakuomba. Nakupigia magoti humu humu garini."

"Ngoja nione," alisema Steven, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani kuona kweli. Alikwenda kuuliza. Tadea aliiacha simu sikioni, akawa anasikia milango, viti, watu wakimwuliza Steven ni jaribio namba ngapi. Mkono mwingine ulikuwa kwenye kishikwambi. Alimwambia dereva akimbize, naye akakimbiza, lakini mlima ulikuwa mlima. Huo Tadea alikuwa anaujua tangu utoto na labda ulijiandika wenyewe.

Saa kumi na moja gari liliisha.

Halikugonga kitu wala halikutikisika. Waliikuta lami chini yao, yenye maji. Aurelia alikuwa chali barabarani juu ya kanga za Bi Rukia, Joakim amepiga magoti na kichwa cha mkewe bado mapajani, midomo ikiendelea na habari ya mbuzi. Dereva hakuwepo. Mkononi mwa Tadea kishikwambi kilionyesha alama ya tiki, kijani kibichi, na chini yake maneno: jaribio limefaulu, limesafishwa.

Tadea alisimama katikati ya barabara, akapunga mikono yote miwili. Alipiga kelele. Bonde halikuwa na mtu. Alipiga kelele hadi koo likakataa, akaendelea kupunga bila sauti, hadi lori la makaa ya mawe lililokuwa limeshusha mzigo ziwani likirudi tupu mgodini Ngaka likapinda kona na kusimama.

Dereva wa lori alichungulia dirishani. "Mmeachwa na lile gari jeupe?"

"Ndiyo."

"Huwa linaishia kule kwenye mafuta," alisema akifungua mlango. "Leo limejitahidi."

Walimpandisha Aurelia kwenye kiti kirefu nyuma ya dereva. Weusi wa makaa uliwashika wote. Walifika hospitali giza linaanza kuingia, na madaktari walifanya waliyoweza, tena waliyafanya vizuri. Aurelia walimwokoa. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakata roho njiani, pengine katika kona zile za mwisho. Walimfunga katika kanga, wakampa Joakim. Joakim alimshika, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu Lipundu.

Tadea alikuwa ameketi ukumbini Sixbert alipopiga.

"Yule mwingine amejifungua," alisema. "Kabla ya saa kumi na moja. Mtoto wa kike, amelia mwenyewe. Mama alimshika, akamwangalia vidole, akaniuliza kama hapa ndiyo hospitali."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ndiyo. Halafu saa ikafika, mama akaisha. Kitanda kimebaki kikavu kabisa, hata shuka sikufua. Lakini mtoto yupo. Nimemfunga kwenye taulo langu. Nimfanyeje?"

Tadea alielewa. Usafishaji ulifuta kila kilichotengenezwa na jaribio, na yule mtoto hakutengenezwa na jaribio. Hakuna aliyemwandika.

"Mpe maji ya sukari kidogo," alisema. "Kuna maziwa yanakuja."

Aurelia alirudi Lipundu maji ya mto yalipopungua, maziwa yakiwa yameshaanza kumwumiza. Alimchukua mtoto kwa Sixbert, akamweka kifuani, akalia muda wote wa kumnyonyesha. Walimwita Jacqueline. Kwenye kuandikisha kizazi mashine iliwajibu kwamba jina la mama, Hedwiga Majaribio, limetengwa kwa matumizi ya majaribio na halipokelewi. Wakaandika Aurelia. Kadi ya kliniki ilikuwepo tayari, ya mimba ya yule wa kiume, wakaandika humo jina la huyu.

Alhamisi ya wiki ile ya ajali ya kitufe kikao kilikuwa kimefanyika. Tadea alishiriki kwa simu. Aliwaeleza habari za kitufe, za Lipundu, za mtoto aliyezikwa. Watu wote walimpa pole, mmoja baada ya mwingine, na mama mmoja wa upande wa wafadhili alilia. Kisha walikubaliana mambo mawili. Jaribio lolote litajifunga baada ya dakika chache, ili lisikwame tena. Na kwa kuwa mfadhili mpya amejiunga, nembo yake itaongezwa kwenye utepe.

"Utepe utakuwa mrefu zaidi," alisema Tadea. "Utafunika hata kwenye simu za wastani."

"Utatupa ripoti," alisema Steven.

Aliandika barua ya kuacha kazi, akakaa nayo mezani. Asubuhi ilipofika alifikiri kwamba akiondoka atakuja mwingine, ataandika mgonjwa wake mwenyewe, na Hedwiga hatakuwa na pa kuja. Akapangusa rafu, akabonyeza kitufe.

Hedwiga alipanda ngazi. Ilikuwa mimba ya kwanza, kama ilivyoandikwa, na damu ile ile, ila kitenge chake kilikuwa kimelowa maziwa kifuani.

"Anaendeleaje?" aliuliza kabla ya kukaa.

"Ananyonya vizuri. Aurelia anasema ana nguvu za miguu."

"Anafanana na nani?"

"Bado hatujajua."

Ikawa hivyo kila siku. Tadea alimpa habari muda wa chai: amecheka, amegeuka kitandani, amepata mafua yamepona. Gari halikuweza tena kufika popote. Mara moja Hedwiga aliwahi kumwambia dereva akimbize, na likafika kwenye miti ya mwisho ya mji kabla ya kuisha.

Mtoto alipofikisha umri wa chanjo nyingine, Aurelia alimpandisha Mbinga kwa basi, akamleta ofisini. Tadea alikuwa ameongeza mstari mmoja kwenye jaribio: subiri. Majaribio yote huwekewa subiri hapa na pale, ili ukurasa upate muda wa kufunguka, na huu aliuweka mrefu kadiri kikao kilivyoruhusu. Hedwiga alimpokea mwanawe kwenye benchi. Alimwangalia vidole. Alimnyonyesha, huku damu yake ikishuka polepole kwenye ngazi, na Aurelia alikaa kando yake akimshikia kikombe cha chai. Hawakuwa na mengi ya kuzungumza. Aurelia alisema, "Mimi wangu alikuwa wa kiume," na Hedwiga akasema, "Najua, dada. Nililisikia joto lako kitandani." Steven alipiga simu kuuliza kwa nini jaribio la leo ni zito. Tadea alimwambia ni mtandao.

Jaribio lilipoisha, Aurelia alimfunga mtoto mgongoni, lakini hakuondoka. Alikuwa akiipima ofisi kwa macho, ukuta hadi ukuta.

"Dada," alisema, "mke wa Nazari, jirani yetu, ana mimba kubwa. Sixbert bado hakioni kitufe."

"Najua."

"Kesho tunamleta. Bado hajaumwa, lakini tunamleta. Atalala hapa kwako hadi siku yake, kisha atakwenda hospitali kwa miguu yake. Ni karibu."

"Hapa ni ofisini, Aurelia."

"Ndiyo," alisema Aurelia. "Atalala chini ya rafu."

Mke wa Nazari alikuja na mkeka wake, sufuria na mfuko wa dagaa. Nyuma yake alikuja mwingine kutoka Lipundu, kisha wa kijiji cha pili, na mvua za mwaka uliofuata zilipoanza sakafu yote ilikuwa mikeka. Bi Rukia alisogeza majora ya vitambaa, akawapa na stoo yake. Usiku walipeana habari za nyumbani kwa sauti ndogo, na asubuhi walijikunyata pembeni kumpa Tadea nafasi ya kupangusa. Juu yao vivinjari vilifunguka kimoja baada ya kingine, herufi zikajiandika, na rafu nzima ikawa kijani, ikawaangaza nyusoni na matumboni. Tadea aliituma ripoti Dar es Salaam, na Steven akajibu kwa neno moja: hongereni. Hedwiga aliinuka kwenye benchi. Aliomba radhi, akainua kitenge chake kisimguse mtu, akaruka miguu yao mmoja mmoja hadi mlangoni, akashuka kwenda kupanda gari.